Kununua kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa kompyuta ya ex-UK: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru zilianza maisha ofisini Uingereza: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. Prosesa zake bado zina nguvu kwa bei yake, lakini grafiki ni ile ya ndani ya prosesa, na hiyo hushindwa mapema. Mwenye kompyuta anataka kucheza EA FC, au kuhariri video za harusi, au ni mwanafunzi wa usanifu anayefungua ArchiCAD. Anaingia mtandaoni, anaona "GTX 4GB bei ya kutupa", anatuma pesa. Kadi inafika kwa basi la usiku na haiingii ndani ya boksi, au inaingia lakini haina pa kuvutia umeme.

Ndiyo maana hapa tunaanza na bisibisi. Bei itafuata.

Je, unahitaji kadi kweli?

Kama shida yako ni kompyuta kuwaka polepole na Chrome kukwama, kadi haitakusaidia. Nunua SSD. Kama una kipande kimoja tu cha rami cha 4GB au 8GB, ongeza cha pili cha aina ileile. Grafiki ya ndani hutumia rami ya kompyuta, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba huipa njia pana zaidi ya data. Kwa eFootball na michezo mingine mepesi, tofauti huonekana bila hata kununua kadi.

Kwa video fupi za kawaida, prosesa za Intel zina kifaa cha ndani kiitwacho Quick Sync kinachosaidia kutoa faili za H.264. Angalia kama programu yako inakitumia kabla ya kutoa shilingi. Kwa DaVinci Resolve (ya kuhariri video), Blender (ya michoro ya 3D), na michezo mizito, endelea kusoma.

Fungua boksi kwanza

Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe, kisha fungua kifuniko. Chukua rula na simu yenye kamera. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni ukubwa wa boksi. Mnara mkubwa hupokea kadi ya kawaida, yenye bamba la nyuma la sentimita 12. Boksi jembamba, lile linaloandikwa SFF, hupokea kadi fupi peke yake, ambayo bamba lake ni la sentimita 8 hivi. Hapa ndipo watu wengi hupotezea pesa, kwa sababu SFF ndizo zilizojaa madukani. Ukiwa na SFF, neno la kumuuliza muuzaji ni "low profile", na umuulize pia kama bamba fupi liko ndani ya katoni. Kadi nyingi fupi za mtumba huja na bamba refu tu, na kulipata fupi la modeli hiyohiyo baadaye ni kazi. Vile vikompyuta vidogo vya kufungwa nyuma ya skrini, vya Micro, Mini au Tiny, kwa kawaida havina mahali pa kuweka kadi ya aina hii. Ukiwa nacho, weka pesa mfukoni.

La pili ni sloti yenyewe. Unatafuta PCI Express (PCIe) ndefu ya x16, yaani yenye njia 16 za data. Kwenye OptiPlex kadhaa utaona sloti mbili ndefu, moja ya buluu na moja nyeusi. Ile nyeusi ina urefu uleule lakini nyaya za x4 tu. Kadi hukaa kwenye ya buluu. Sasa angalia jirani yake. Katika Dell nyingi za SFF sloti ya x16 iko ubavuni mwa pawa saplai, kwa hiyo kadi nene ya nafasi mbili haitakaa. Unahitaji nyembamba ya nafasi moja. HP za SFF huwa na nafasi zaidi. Usikisie. Pima kutoka sloti hadi kizuizi cha kwanza kwa unene, na kutoka bamba la nyuma hadi kizimba cha diski kwa urefu. Andika namba hizo kwenye simu. Ukiambiwa dukani "itaingia tu, boss", utatoa rula.

La tatu ni pawa saplai. Piga picha ya stika yake. Namba kubwa ya wati si ndiyo muhimu zaidi. Tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Tuseme imeandikwa 17A: hizo ni wati 204 zilizopo kwa prosesa, kadi na vinginevyo. SFF za miaka ya 2012 hadi 2014 huwa na pawa za wati 240 au 255, na minara yake wati 275 hadi 320.

La nne ni nyaya zinazotoka kwenye pawa. Je, kuna kichwa cheusi chenye pini 6 au 8 kilichoandikwa PCIe? Kwa kompyuta za ofisi jibu karibu daima ni hapana. Kichwa cha pini 4 au 8 kinachoingia kando ya prosesa sicho, na usijaribu kukilazimisha, kwa sababu mpangilio wa volti ni kinyume.

Hesabu ya umeme

Sloti ya PCIe x16 hutoa hadi wati 75. Kichwa cha pini 6 huongeza 75, cha pini 8 huongeza 150. Kama huna kichwa chochote, kadi yako lazima iishi ndani ya wati 75 za sloti. Huo ndio mpaka wako, na ndio unaochagua kadi kabla ya bajeti kuuliza neno.

Mfano: OptiPlex 9020 SFF yenye i5-4570. Prosesa ni wati 84, bodi, rami, diski na feni kama 40, kadi 75. Jumla ni karibu 200 kwenye pawa ya 255. Inatosha, ila haijaacha nafasi kubwa, na pawa hiyo ina zaidi ya miaka kumi. Waraka wa kampuni kwa baadhi ya SFF huweka kikomo kilicho chini ya wati 75 kwenye sloti, kwa hiyo utafute waraka wa modeli yako na usome mstari huo. Kwa SFF sisi tunapendelea kadi za wati 30 hadi 55. Wenye kadi za 75 humo wapo, lakini usiku wa Kisumu wenye joto, boksi likiwa limefungwa ndani ya kabati la TV, pawa ndogo huchoka haraka.

Kisha kuna zile adapta za bei ndogo zinazochukua umeme kutoka kichwa cha SATA cha diski na kuugeuza pini 6. Ziache. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja imeundwa kwa ampea 1.5, yaani wati 54 jumla. Kadi yenye pini 6 inaweza kudai 75. Plastiki hulainika, kisha hunuka, kisha hushika moto. Adapta ya SATA kwenda pini 8 ni mbaya maradufu.

Kubadilisha pawa nzima kunawezekana kwenye mnara, lakini angalia kichwa cha bodi. OptiPlex 7010 ya mnara hutumia kile cha kawaida cha pini 24. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hutumia cha pini 8, EliteDesk 800 G1 cha pini 6, na hizi huhitaji adapta ya pini 24 inayolingana na modeli. Pawa ya kununua ni ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme), wati 450 au 500. Pawa nyepesi kama boksi tupu iliyoandikwa 600W kwa bei ya chakula cha mchana ni stika tu.

Prosesa isije ikawa kikwazo

Kadi nzuri kwenye prosesa dhaifu hukaa ikisubiri. Mpaka mmoja ni wa wazi: i5-3470 na ndugu zake wa kizazi cha tatu (namba ya kwanza baada ya i5 ndiyo kizazi) hawana amri za AVX2, ambazo zilianza na kizazi cha nne, Haswell, mwaka 2013. Michezo kadhaa mipya hukataa kuwaka bila AVX2, na hakuna kadi itakayobadilisha hilo. Ukiwa bado hujanunua kompyuta, chukua kizazi cha nne kwenda juu, mathalani i5-4570 au i5-6500, na uikwepe i3 ya kori mbili.

Wapenzi wa mpira wasome mahitaji kwanza. EA FC 24 na 25 zilitaja kiwango cha chini cha GTX 1050 Ti ya 4GB au RX 570 ya 4GB, rami 8GB, na prosesa ya i5-6600K. Kwa Valorant kwenye Windows 11, lazima TPM 2.0 na Secure Boot (vifaa vya usalama vya kompyuta) viwe vimewashwa, jambo ambalo mashine za kizazi cha nne mara nyingi hazina.

Kadi za kuangalia, na za kupita

*Zisizohitaji kebo ya pawa.* GT 1030 ni wati 30 na hupatikana fupi, lakini kuna mbili zenye jina moja. Ya GDDR5 ina kasi ya memori ya gigabaiti 48 kwa sekunde; ya DDR4, iliyokuja 2018, ina kama 17. Katoni ni karibu sawa, bei pia, na ya DDR4 haistahili hata nusu yake. Aidha GT 1030 haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo haimfai anayetiririsha michezo au kutoa video nyingi.

GTX 750 Ti ya 2014, wati 60 na memori 2GB, ni ya mtu mwenye pesa kidogo sana na michezo ya zamani kama GTA V. GTX 1050 Ti, wati 75 na 4GB, ndiyo inayoulizwa zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa zaidi. GTX 1650 ya 2019 ni kasi zaidi ya 1050 Ti kwa wati zilezile 75, ila baadhi ya watengenezaji waliiongezea kichwa cha pini 6. Angalia picha ya ubavu wa kadi kabla ya kukubali. Ina faida nyingine: Nvidia ilimaliza draiva za kawaida za michezo kwa 750 Ti na familia ya GTX 10 mwezi Oktoba 2025, zikabaki za usalama tu hadi Oktoba 2028, wakati 1650 bado inapokea. Tofauti ya bei ikiwa elfu mbili au tatu, chukua 1650 bila kuumiza kichwa.

RX 6400 ya 2022 ni wati 53, mara nyingi ni fupi na nyembamba, na kwenye karatasi inaonekana imekatwa kwa ajili ya SFF. Tatizo ni kwamba hutumia njia nne tu za PCIe, zilizokusudiwa kwa toleo la 4.0. Mashine za kizazi cha tatu hadi cha tisa zina 3.0, kwa hiyo hupoteza sehemu ya kasi, hasa memori yake ya 4GB ikijaa. Nayo pia haina kifaa cha kurekodi. Kwa mchezaji wa Dell SFF bado inaweza kuwa chaguo. Kwa mhariri wa video hapana.

RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka Februari 2024, ni wati 70 bila kebo, na kuna zilizo fupi. Ni kali kuliko zote zisizohitaji kebo zilizotajwa hapa, lakini bei yake huizidi kompyuta yenyewe.

*Za kiofisi.* Hapa kuna hazina ambayo wanunuzi wengi huipita kwa sababu jina halina sifa mtaani. Quadro P620 ni wati 40 na 2GB, P1000 ni wati 47 na 4GB, T600 ni wati 40 na 4GB, T1000 ni wati 50 na 4GB au 8GB. Zote ni fupi na nyembamba, zilitolewa kwenye mashine za wahandisi, hazikuchimba sarafu, na wauzaji wa mitumba mara nyingi hawajui thamani yake. P1000 ina kori 640, nusu hatua chini ya 1050 Ti, na hukaa vizuri ndani ya SFF. Milango yake ni ya DisplayPort ndogo, hivyo ongeza gharama ya adapta kwenye hesabu. Kwa ArchiCAD na AutoCAD kwenye boksi jembamba, sisi tungeanza hapa. Epuka K620 ikiwa lengo ni michezo, kwani memori yake ni DDR3.

*Zenye kebo.* Ukiwa na mnara na pawa halisi, RX 570 ya wati 150 na RX 580 ya wati 185 hutoa kasi kubwa kwa shilingi chache. RX 6600 ya 8GB, wati 132, ni bora kwa mbali ukiweza kuifikia. Jihadhari na "RX 580 2048SP": ni toleo la soko la China, na ndani yake ni RX 570.

*Za kupita.* GT 710 na GT 730 ni za kuongeza skrini ya pili, basi. Draiva zake zimeshakoma, na grafiki ya ndani ya i5-6500 haiko mbali nazo. Intel Arc A310 na A380 huvutia kwa bei, lakini hutegemea Resizable BAR (njia ya prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo), ambayo bodi za ofisi za miaka hiyo hazina, na bila hiyo hushuka vibaya. P106-100 ni GTX 1060 ya kuchimbia sarafu isiyo na mlango wa skrini hata mmoja.

Kadi feki

Udanganyifu wa kawaida ni huu: kadi ya mwaka 2010 au 2011, GTS 450 au GTX 550 Ti, inaandikiwa BIOS (programu ndogo ya ndani ya kadi) mpya inayosema "GTX 1050 Ti 4GB". Windows inaamini. Draiva ya kawaida haikubali, au skrini inakuwa nyeusi mchezo ukianza, kwa sababu memori halisi ni 1GB.

Dalili za nje: mlango wa VGA. Familia ya GTX 10 iliondoa kabisa mkondo wa analogi ndani ya chipu, kwa hiyo 1050 Ti yenye VGA ni ya kurudishwa kaunta palepale. Dalili nyingine ni katoni isiyo na jina la kampuni, na 1050 Ti inayouzwa chini ya bei ya 750 Ti.

Uhakika hutoka kwenye programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Kadi ikiwa imebadilishwa, matoleo ya GPU-Z tangu 2018 huandika FAKE mbele ya jina. Hata lisipoandika, linganisha mwenyewe chipu, kori na upana wa njia ya memori:

- GT 1030: GP108, kori 384, biti 64
- GTX 750 Ti: GM107, kori 640, biti 128
- GTX 1050 Ti: GP107, kori 768, biti 128
- GTX 1650: kwa kawaida TU117, kori 896, biti 128
- RX 6400: Navi 24, kori 768, biti 64
- RX 570: kori 2048, biti 256
- RX 580 halisi: kori 2304, biti 256

Ukiona GF106, GF108 au GF116 na kori 192 au chini, hiyo ni Fermi, familia ya kale ya Nvidia, hata stika iseme nini.

Zilizochimba sarafu

Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na shehena ya RX 470, 570, 480 na 580 ikamwagika sokoni. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika si lazima iwe mbovu. Kinachochoka ni feni, pedi za joto za memori, na pesti ya kupitisha joto. Kitu cha kuogopa zaidi ni BIOS iliyorekebishwa kwa ajili ya kuchimba: kadi huonekana nzima hadi mchezo wa kwanza, kisha skrini inajaa vidoti. Kadi kadhaa za Sapphire na kampuni nyingine zina swichi ndogo ya BIOS mbili ubavuni. Jaribu pande zote mbili. Zungusha kila feni kwa kidole. Ikikwaruza au kuyumba, omba bei ishuke. Skrubu zenye alama za bisibisi zinasema imefunguliwa, jambo ambalo linaweza kuwa zuri ikiwa aliyefungua alibadilisha pesti, kwa hiyo muulize.

Wapi na vipi kununua

Kisumu, anza na maduka ya kompyuta ya Oginga Odinga Street na mitaa inayoikata. Nakuru, Kenyatta Avenue na viunga vyake. Chaguo ni dogo kuliko Nairobi na bei huwa juu kidogo, lakini unaishika kadi mkononi, unaipima, na kesho ukiwa na shida unajua mlango wa kugonga. Thamani ya mlango huo ni kubwa kuliko watu wanavyoihesabu. Mafundi wanaotengeneza kompyuta pia huwa na kadi zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Waulize Quadro kwa jina.

Kwa kadi ya Nairobi, kama una ndugu au rafiki huko, mtume Luthuli Avenue na viunga vyake akaipime. Usipokuwa naye, ujumbe wa kwanza kwa muuzaji uwe na mambo yote (FurMark ni programu ya kuipa kadi kazi nzito):

"Habari boss. Hiyo 1650 ni ya kampuni gani, na ina kichwa cha pawa au haina? Naomba picha ya nyuma yenye siriali, picha ya milango, na video ya GPU-Z na FurMark dakika kumi, ukiwa na karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo. Waranti ni siku ngapi, na nikirudisha nani analipia parcel?"

Muuzaji wa kweli atalalamika kuhusu dakika kumi kisha atarekodi. Mwingine atakuambia kuna wateja watatu wanasubiri. Mwache awahudumie.

Lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ni kuomba urejesho. Pesa ambazo mpokeaji ameshazitoa hazitarudi kwa ombi. Dai risiti yenye modeli na siriali ya kadi. "Graphics card 1" iliyoandikwa kwa mkono haikulindi. Kwenye parcel, kadi iwe ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji, kisha katoni ngumu. Ukiipokea ofisi ya basi, rekodi video unapoifungua, bila kukata.

Kupima kabla ya kulipa

Beba flashi yenye GPU-Z, FurMark na Heaven Benchmark (programu ya kupima kadi kwa picha za 3D). Ukiwa dukani:

1. Angalia dhahabu ya meno ya kadi: isiwe na weusi wa kuungua wala mikwaruzo mirefu. Nusa. Harufu ya kuungua haijifichi.
2. Iwekwe kwenye mashine ya duka, skrini ichomekwe kwenye kadi yenyewe.
3. Fungua GPU-Z, linganisha na orodha ya juu. Bonyeza alama ya kuuliza karibu na Bus Interface uone kama njia zote zimeunganika. Kadi ya x16 inayoonyesha x4 au x1 kwenye sloti nzima ina meno machafu au yaliyokufa.
4. Endesha Heaven dakika tano ukitazama rangi: vidoti, pembetatu zinazorukaruka, au mistari ni memori mbovu. Usikubali maelezo ya draiva.
5. Endesha FurMark dakika kumi na tano. Joto lipande, kisha litulie. Chini ya nyuzi 80 ni salama. Ikipita 85 na bado inapanda, pesti au feni imekwisha.
6. Jaribu kila mlango wa skrini, mmoja baada ya mwingine.
7. Zima, washa tena ikiwa moto. Kadi iliyokokwa kwenye oveni ili ifufuke mara nyingi hushindwa hapa.

Kuiweka

Kama ulikuwa na kadi nyingine, ondoa draiva yake kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye Safe Mode. Chomoa stima, gusa chuma cha boksi, toa kibamba cha nyuma, badilisha bamba la kadi ikiwa ni SFF. Sukuma kadi wima kwa mikono miwili hadi klipu ilie, kisha funga skrubu. Kadi isiyofungwa skrubu hulegea siku kompyuta inapohamishwa.

Chomeka skrini kwenye kadi. Ndiyo, kwenye kadi. Kila fundi ana mteja aliyecheza wiki nzima kwa grafiki ya ndani kwa sababu kebo ilibaki kwenye bodi. Kama skrini yako ni ya VGA peke yake, unahitaji adapta yenye chipu ndani kutoka HDMI au DisplayPort. Adapta ya DVI kwenda VGA isiyo na chipu haifanyi kazi kwenye mlango wa DVI-D, yaani DVI ya kidijitali tu.

Draiva ipakuliwe kutoka tovuti ya Nvidia au AMD. Faili ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo tafuta Wi-Fi usimalize bando. CD iliyo ndani ya katoni itupe.

Isipowaka

Skrini nyeusi, feni inazunguka: toa kadi, washa kwa grafiki ya ndani, sasisha BIOS ya kompyuta, kisha jaribu tena. Mashine za kizazi cha pili na cha tatu zina BIOS ambazo kadi mpya hazizielewi. Kwenye HP za kizazi cha tatu, kadi ya zamani isiyo na UEFI hukataa hadi uzime Secure Boot.

HP ikilia mara nne huku taa nyekundu ikipepesa, pawa imezidiwa. Ikilia mara sita, haijaiona kadi: iondoe, safisha meno kwa kifutio cheupe, irudishe.

Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya mchezo, bila skrini ya buluu, shuku pawa kwanza. Skrini ikiganda na sauti ikijirudia, shuku memori ya kadi au joto.

Vumbi, joto na tokeni

Sakinisha programu ya MSI Afterburner ushushe kikomo cha nguvu hadi asilimia 80. Kasi inayopotea ni ndogo, joto linaloondoka ni kubwa, na kwa hewa ya Kisumu utaisikia feni ikinyamaza. Nakuru adui ni vumbi: puliza kila miezi mitatu, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke. Usichomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Kifaa cha kulinda volti ni bei ndogo kuliko kadi yoyote hapa, na stima inaporudi baada ya kukatika ndipo vifaa huungua.

Na hesabu ya tokeni: kadi ya wati 75 ikichezwa saa nne kila siku hula yuniti 9 kwa mwezi. RX 580 ya wati 185 kwa saa hizohizo hula yuniti 22. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya yuniti kwenye risiti yako ya mwisho ya tokeni, kisha kwa miezi 24, uiongeze kwenye bei aliyokutajia muuzaji.